Kasri la Njoro: Jina na Hatima

Upande wa Njoro, si mbali na Rongai, lasimama jumba la mawe liitwalo Kasri la Egerton. Jina lina umri kuliko jengo: kasri ni neno la Kiarabu, nalo asili yake ni castrum ya Kilatini, yaani ngome, neno la Kiingereza la jumba kama hilo nalo limechipuka katika shina lilo hilo.

Lodi Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili vikaichelewesha kazi hadi 1954. Vyumba 52, na mwenyewe hana mke wala mtoto! Kisa cha mchumba aliyelikataa jumba husimuliwa mno, lakini hakielezi jambo lililo kubwa zaidi, yaani ardhi. Njoro ilikuwa ndani ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, ambamo Mwafrika aliishi kwa idhini tu, akiwa kibarua au skwota. Msingi wa kwanza wa kasri ulikuwa sheria hiyo.

Egerton alifariki mwaka 1958, na jumba likakaa tupu kwa miaka mingi. Kilichostawi ni shule ya kilimo aliyoipa ardhi mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1961 ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Chuo hicho ndicho kilicholirithi kasri, na siku hizi arusi za wananchi husherehekewa katika bustani yake.