Taa ya kukuzia mimea (Ruvu)

Taa ya kukuzia mimea ni taa inayoupa mmea mwanga wa kujitengenezea chakula pale ambapo jua halifiki au halitoshi. Jina hilohilo hutumika kwa taa inayorefusha mchana tu, ili mmea uchelewe kutoa maua au uyatoe kwa wakati unaotakiwa. Madukani kazi hizi mbili huchanganywa, ingawa ya kwanza inataka mwanga mwingi na ya pili inaridhika na balbu moja ndogo. Mtu wa Ruvu anayetafuta taa ya bei nafuu aanze kwa kujua anataka ipi, maana pesa nyingi hupotea kabla hata taa haijawashwa.

Ruvu ya makala hii ni ukanda wa mto huo katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani: Mlandizi, Soga, kituo cha reli cha Ruvu, na vijiji vya upande wa Kisarawe vinavyotelemkia bondeni. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru na kumwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na njiani hulisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoinywesha Dar es Salaam. Bondeni hulimwa mpunga, bamia, matango na mboga za majani. Jua si haba. Ndiyo sababu mkulima wa hapa akisikia habari ya taa za mimea hucheka kwanza, na kicheko chake kina hoja.

Hoja yenyewe inahesabika. Mwanga unaoliwa na mmea hupimwa kwa idadi ya fotoni zinazoangukia jani, na idadi hiyo huandikwa kwa moli. Siku ya jua kali, mita moja ya mraba ya uwanja wa Mlandizi hupokea kama moli 40 tangu asubuhi hadi jioni. Miche ya nyanya au pilipili hoho inahitaji moli 10 hadi 15 tu, na ndiyo maana hufunikwa neti ya kivuli. Kwa hiyo giza si tatizo la kitalu cha Ruvu. Tatizo ni masika ya Machi hadi Mei, udongo unapolowa na miche kuanguka kwa kinyausi. Ni kuku wa jirani, panya, na inzi weupe wanaoleta virusi kwenye nyanya. Tena siku hizi yupo mpangaji wa Kibaha Maili Moja ambaye hana uwanja kabisa, ana chumba. Wenye shida hizi ndio wanaohamishia trei za miche ndani, na wakishaingia ndani hawana budi kuwa na taa.

Saa za mwanga

Ruvu iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana wake mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, ni wa saa 12 na nusu hivi. Mfupi kuliko yote, mwezi Juni, haupungui sana saa 11 na dakika 45. Tofauti hiyo ndogo haionekani kwa macho ya mtu, lakini mmea unaihisi. Aina za mbaazi zinazochukua muda mrefu shambani hungoja mchana ufupike ndipo zichanue, hata kama zilipandwa mapema. Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, walieleza jambo hili baada ya kuhangaishwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka majira yote ya joto bila kutoa ua. Baadaye ilibainika kwamba mmea wa namna hiyo kwa kweli unapima usiku. Mwanga hafifu ukiukatiza usiku katikati, mmea huhesabu kana kwamba usiku ulikuwa mfupi.

Afrika Mashariki ujuzi huu ni biashara. Mashamba ya krisanthemamu nchini Uganda, yanayouza vipandikizi Ulaya, huwasha taa usiku ili mimea mama iendelee kutoa machipukizi badala ya maua. Muwa nao hufuata urefu wa usiku katika kuchanua, na wazalishaji wa mbegu za miwa katika kituo cha Mount Edgecombe, Afrika Kusini, hutumia majengo yenye taa ili aina mbili wanazotaka kuzichavusha zichanue wakati mmoja. Kibaha pana kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kinachoshughulikia miwa, hivyo somo hili si geni katika wilaya hii. Kwa kazi ya kukatiza usiku, taa nafuu ni nafuu kweli: balbu ya LED ya wati 10 juu ya tuta, ikiwashwa saa chache usiku wa manane, inatosha.

Bangi pia ni mmea wa usiku mrefu, na ndiyo iliyozifanya taa za mimea zijulikane mitaani. Marekani na Kanada, wakulima waliokimbia polisi waliingia ndani ya nyumba, wakaazima taa za sodiamu za barabarani na kuwa wateja wakubwa wa maduka ya taa hizo. Sheria zilipolegezwa, kama Kanada mwaka 2018, soko likatoka hadharani. Tanzania hali ni nyingine. Kulima bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu yake ni kifungo kirefu, iwe shambani au chumbani. Tena hapa bangi haijawahi kuhitaji balbu: Mamlaka husika huifyeka mlimani, juani, Tarime, Arumeru na Morogoro Vijijini. Kwa hiyo hesabu zinazofuata ni za miche ya mboga.

Kuchagua

Duka la vifaa vya umeme litakuuzia taa kwa lumeni na kwa wati. Lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu, ambalo huona rangi ya kijani na manjano vizuri kuliko nyingine, wakati jani hutumia sana nyekundu na bluu. Hata hivyo mtu asikimbilie zile taa za zambarau zinazofanya chumba kizima kionekane kama ukumbi wa disko. Taa nyeupe ya LED ina bluu, kijani na nyekundu ya kutosha kulea miche, na chini yake unaona jani lilivyo: likianza umanjano utalijua, likiwa na wadudu utawaona. Chini ya zambarau jani huonekana jeusi, mgonjwa na mzima sawasawa. Maandishi ya boksi yakisema kelvini 4000 hadi 6500, inafaa; ya 6500 ndiyo ambayo mafundi huiita deilaiti.

Balbu ya zamani ya waya haifai. Karibu umeme wake wote ni moto. Tyubu yenye choki na staata ilifanya kazi hii miaka mingi, na ukiwa nayo tayari itumie hadi ife. Enaji seva inakaribiana nayo. Taa za sodiamu zina nguvu, ila ni za banda kubwa la nchi ya baridi, ambako joto la taa ni faida. Chumba cha Mlandizi chenye bati juu na dirisha moja kinafika nyuzijoto 33 bila msaada wa mtu. Karibu kila wati inayoingia kwenye taa huishia kuwa joto humo humo, kwa hiyo wati 400 ni sawa na kuweka pasi mezani na kuiacha. LED ndiyo iliyobaki, na sababu kubwa ni kwamba kwa mwanga uleule inatumia umeme kidogo na kuongeza joto kidogo.

Kiasi gani? Trei mbili za matundu 128 zikikaa ubavu kwa ubavu huchukua kama theluthi moja ya mita ya mraba. Taa ya LED ya kawaida ya wati 40, ikining'inizwa karibu na kuwashwa saa 16, huzipa kama moli 10 kwa siku. Zinatosha. Saa 16 kwa wati 40 ni uniti 0.64, yaani uniti 19 na kidogo kwa mwezi. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hivyo mwezi mzima ni kama shilingi 5,600: shilingi 22 kwa mche. Mteja wa D1, daraja la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 tu, ila mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo kila uniti ni shilingi 350. Nyumba ya D1 yenye friji, runinga na feni haiko mbali na mpaka huo, na taa ya miche ndiyo itakayoivusha. Ndiyo maana mimi huhesabu bei ya taa kwa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kwanza) kabla ya kuitazama bei iliyobandikwa dukani.

LUKU ni mizani pia. Taa nyingi za mimea zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa wati 1000 na hazifiki hata 150. Zima kila kitu nyumbani, soma uniti zilizobaki, washa taa peke yake kwa muda wa saa 10, soma tena. Wati 1000 za kweli zingekula uniti 10. Ikipungua moja, umenunua taa ya wati 100, na umeilipia bei ya boksi.

Kuna wanaofikiria sola, hasa vijiji vya ndani vya Kisarawe. Paneli hubadili kama sehemu moja ya tano ya nishati ya jua kuwa umeme, betri nayo hula yake, na taa hurudisha mwanga kama nusu ya kilichofika. Kulichukua jua kwa paneli ili uumulikie mche ambao ungeweza kuuanika juani ni safari ndefu kwa mzigo mdogo. Sola ifanye kazi ya balbu ile ya wati 10 inayokatiza usiku.

Kuning'iniza taa kunataka kamba inayopandishwa na kushushwa. Weka kiganja juu ya majani, kama unavyopima kikaango: ukihisi joto, pandisha. Sentimita 20 hadi 30 ni mwanzo mzuri kwa wati 40. Mche ukirefuka kama uzi na kuegemea upande mmoja, taa iko mbali. Ukikunja majani na kupauka juu, iko karibu mno. Waya zipite juu ya trei, soketi ikae mbali na maji, na mwenye kumwagilia azime kwanza.

Siku ya kutoa miche nje ndiyo huua mingi. Mche uliolelewa kwa moli 10 ukiwekwa saa sita mchana kwenye moli 40 huungua majani kabla ya alasiri. Huanzia chini ya mwembe, au neti ya kivuli, kwa muda wa saa mbili tu za asubuhi. Kesho yake kwa saa tatu. Na baada ya siku saba hivi shina huwa limekakamaa, rangi imeingia kijani kibichi cha kukolea, na trei zinaweza kulala nje.