Uzi wa dada, shamba la kaka

Aliyewahi kununua kitambaa Kisutu, Dar es Salaam, au Biashara Street, Nairobi, mwezi wa Agosti, huenda alimwona mwenye duka akipima yadi huku uzi mwekundu wenye vijiwe vya kumetameta umemzunguka mkononi. Hiyo ni rakhi. Alifungwa na dada yake, na hakufungwa bure.

Sikukuu yenyewe ni Raksha Bandhan, maana yake kifungo cha ulinzi. Wahindu huiadhimisha siku ya mwezi mpevu wa Shravana, mara nyingi mwezi wa Agosti. Ni shughuli ya dakika chache. Dada huandaa sinia lenye poda nyekundu, punje za mchele, taa ndogo na barfi au ladu. Humtia kaka alama kwenye paji la uso, akaipachika mchele, akamfunga uzi mkono wa kulia, kisha akamlisha kipande cha tamu. Kaka naye huingiza mkono mfukoni na kutoa bahasha.

Kule India, ndani mna rupia 101, au 501. Si 100 wala 500. Wenyewe husema hesabu inayoishia sifuri imefungwa, bali yenye moja juu yake bado inaendelea. Ndiyo maana bahasha nyingi za madukani huuzwa zikiwa zimeshabandikwa sarafu ya rupia moja.

Zamani uzi huu haukuwa wa dada peke yake. Makuhani wa Kibrahmini waliwafunga matajiri waliowahudumia, nao wakapewa sadaka yao. Huko Rajasthan ulivuka hadi kwenye siasa. James Tod, ofisa Mwingereza aliyeanza kuchapisha historia ya eneo hilo mwaka 1829, alieleza kwamba bibi wa ukoo wa kifalme aliweza kumpelekea mwanamume asiye wa damu yake rakhi, na tangu hapo akawa kaka yake. Jibu la kaka lilikuwa choli, yaani blauzi fupi, ya hariri, nyingine zikiwa na lulu na nyuzi za dhahabu.

Hadithi inayopendwa zaidi ni ya Malkia Karnavati wa Chittor, anayesemwa kuwa alimpelekea Humayun, mfalme wa Wamughal, rakhi ya kuomba msaada mwaka 1535 ngome ya Chittor ilipozingirwa. Mwanahistoria Satish Chandra alionyesha kwamba waandishi wa zama hizo hawautaji uzi huo kabisa. Hata hivyo hadithi imedumu, kwa kuwa kila msikilizaji anajua kwamba aliyepokea uzi amepokea deni.

Deni hilo mshairi Rabindranath Tagore alilitoa barabarani. Tarehe 16 Oktoba 1905, siku Waingereza walipoigawa Bengal, aliwahimiza Wahindu na Waislamu wafungane rakhi, na mwenyewe akapita mitaa ya Calcutta akifunga mikono ya watu. Mgawanyo ule ulifutwa mwaka 1911.

Lakini mizizi ya desturi iko nyumbani, na huko ndiko hesabu inakouma. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa India binti huolewa kijiji kingine, na shamba la baba hubaki kwa ndugu zake wa kiume. Uzi anaoupeleka kila mwaka huuweka wazi mlango wa kwao. Ndoa ikimshinda, atarudi kwa kaka. Bintiye akiolewa, kaka huyohuyo ndiye mjomba atakayefika na sari na dhahabu, mzigo ambao Wagujarati huuita mameru. Mchumi Bina Agarwal, katika kitabu chake cha 1994, alieleza jinsi wanawake wengi wanavyoliacha fungu lao la ardhi ili wasimpoteze kaka.

Sheria imejaribu kuugeuza mzani. Ile ya mirathi ya Wahindu ya 1956 ilimpa binti haki katika mali aliyoichuma baba, lakini mali ya ukoo ikabaki kuwa ya wana wa kiume tangu kuzaliwa kwao. Marekebisho ya 2005 yalimweka binti sawa nao. Tarehe 11 Agosti 2020, siku nane baada ya Raksha Bandhan, Mahakama ya Juu ya India ikathibitisha kwamba haki hiyo anazaliwa nayo, hata kama baba alifariki kabla ya marekebisho.

Hata hivyo, Rajasthan ingali na desturi iitwayo haq tyag. Haq ni haki yetu hii hii, sote tuliichota kwa Waarabu. Tyag ni kuacha. Dada hutia sahihi, au dole gumba, akamwachia kaka shamba.

Agosti ikirudi atafunga uzi kama kawaida, na kaka ataingiza mkono mfukoni. Ile rupia moja juu ya mia itasema hesabu yao bado inaendelea. Ya shamba imeshafungwa.