Swali la Magokoro

Mimi si mwanahistoria. Mimi ni msomaji wa kwenye matatu na foleni ya benki, yule ambaye kitabu chake hukaa kwenye begi pamoja na chaja na kutolewa stima ikipotea. Mwaka huu nilijipa kazi moja: nisome vitabu vya watu wasio wa kwetu waliopita Kisii na Nyamira, au karibu na hapo, nione tumeandikwa vipi. Nimemaliza vitatu. Haya ni maoni yangu, pamoja na swali ambalo nyanya yangu aliniachia.

Cha kwanza ni historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, ya William Ochieng', iliyotoka 1974. Nilidhani itanilaza. Wapi! Ochieng' ni mwana wa Yimbo, na masimulizi anayoyafuata yanawapitisha mababu zetu hukohuko Yimbo, kisha Kisumu, nyanda za Kano, hadi Kabianga, ambako baridi na njaa viliwachapa kabla hawajafika vilima hivi. Nilipenda kwamba jirani Mluo aliketi akawasikiliza wazee wetu na kuwachukua kama watu wenye historia. Kilichonichosha ni nasaba. Abagetutu, Abanyaribari, Abamachoge, Abagirango: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Nikajiuliza, kwani hawa wanaume walijizalisha wenyewe?

Cha pili ni *My African Journey* cha Winston Churchill, cha 1908. Nilikipata bure mtandaoni, nikakisoma kwa simu usiku tatu. Jamaa anajua kuandika, siwezi kumnyima hilo. Lakini nchi anaiangalia kama mtu aliye dirishani mwa treni: reli, uwindaji, Uganda na uzuri wake. Nilipokifunga nikaenda kutafuta mwaka huohuo wa 1908 ulikuwaje kwetu.

Januari mwaka huo kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Kisii. Wazee husema aliyemchochea ni Moraa, mwanamke nabii. Northcote alipona. Jibu la serikali likawa bunduki: watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Churchill wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni, na alipopata habari alihoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuua kwa wingi hivyo watu wasioweza kujikinga. Otenyo alikamatwa akauawa. Masimulizi ya kwetu yanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo kuna wanaodai kirudishwe.

Kwa hivyo Churchill wa kitabu ni mtalii mchangamfu, na Churchill wa ofisini ni mtu aliyeshtuka. Ningependa kumsoma huyo wa pili, lakini huyo hakuandikiwa wauza vitabu.

Cha tatu ndicho kilichonitoa jasho. *Do Parents Matter?* cha Robert na Sarah LeVine kilitoka 2016, na kinalinganisha malezi ya jamii nyingi duniani. Kwetu Robert alifika mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1950, na utafiti ukaendelea miaka ya 1970. Wanasema mama wa Kigusii alimnyamazisha mtoto haraka akilia, lakini hakumwongelesha sana wala kumkazia macho. Mtoto alibebwa na omoreri, yaani dada au kaka mdogo aliyepewa kazi ya ulezi, mama akiwa shambani. Wanasisitiza kwamba watoto hao walikua vizuri, kwa hivyo wazazi wa Marekani wapunguze wasiwasi.

Nilikipenda. Hakituoni kama wagonjwa wa kutibiwa. Basi nikakibeba hadi Kebirigo kumsomea Magokoro, nikitafsiri aya kwa aya huku akichambua mboga.

Ile ya macho ilimchekesha. "Ningemtazama saa ngapi, na jembe linaningoja?"

Nilipofika kwa omoreri akaacha kucheka. Mkono ukasimama juu ya mboga.

"Huyo omoreri," akasema, "walimwuliza kama alitaka?"

Nilirudi kwenye kurasa zile usiku. Sikupata jibu la kumpelekea. Kitabu kinauliza mtoto anayebebwa anakuwa mtu gani. Magokoro alikuwa anauliza kuhusu anayebeba. Na mimi, mjukuu wake msomaji, sikuwa nimewahi kujua kwamba aliacha shule darasa la pili ili ambebe kaka yake. Kaka akasoma, akawa mwalimu. Familia yote humsifu kila Krismasi.

Asubuhi nilimwomba aniambie zaidi. Akaanza mbali. Magokoro ameolewa huku Nyamira, lakini kwao ni Kitutu, upande wa Marani. Nyanya yake yeye alikuwa omoreri mwaka ule wa bunduki. Milio ilipoanza, wakubwa walikimbilia ng'ombe. Msichana akakimbia na mtoto mgongoni, akalala kichakani siku mbili akimtafunia majani anyamaze. Ng'ombe hawakuonekana tena. Mtoto aliishi.

Hilo sikulipata katika vitabu vyangu vitatu, wala sivilaumu. Kila mwandishi alikuwa na swali lake. Ila swali la Magokoro halikuwa na mwenyewe, na nadhani sasa limeniangukia mimi.

Nilitoa simu nianze kuandika. Nikamwuliza yule nyanya yake aliitwa nani.

"Kemunto."

"Na mtoto aliyembeba?"

Alifikiri kwa muda mrefu, akaokota mboga nyingine. Akasema alikuwa analijua, lakini limempotea.

Jumamosi ninarudi Kebirigo. Safari hii sibebi kitabu.