Makanya: Makazi na fursa za vijana nje ya shule

Makanya ni kata na mji mdogo wa Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare. Anachojifunza kijana hapa baada ya masomo hutegemea sana mahali anapoishi. Wanaokaa karibu na barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha hukutana mapema na biashara ndogondogo na bodaboda. Reli ipo pia, na treni ya abiria kwenda Moshi ilirejea Desemba 2019.

Machimbo ya jasi, madini yanayokwenda kwenye viwanda vya saruji, huvuta vijana kwa fedha ya haraka. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi hatarishi kwa walio chini ya miaka 18, na machimbo si karakana ya kufundishia.

Juu, upande wa kijiji cha Bangalala, ipo shule ya aina nyingine: ndiva, bwawa dogo linalojazwa maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Kijana anayemfuata mzazi shambani hujifunza kuziba mfereji kwa udongo, kuheshimu zamu na kusuluhisha ugomvi wa maji. Stadi hizo hazina cheti.