Hewa ya Bomeni, Hewa ya Wundanyi

Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia hazikuwa na eksileta ya kuzungusha. Zilikuwa na vijiti viwili vidogo kwenye usukani. Kimoja kilikuwa cha kuongeza na kupunguza mwendo, cha pili kilikuwa cha hewa. Mwendeshaji akianza kupanda mlima anakisogeza kile cha hewa kidogo, injini ikishapata joto anakisogeza tena, akiteremka tena. Injini ikikohoa, dawa ilikuwa hapo hapo chini ya kidole gumba. Yaani mtu alikuwa anapiga tuni huku anaenda.

Nimeanza na vijiti hivyo kwa sababu nataka kufuata swali moja hadi Bomeni: nani anaamua injini ivute hewa kiasi gani? Jibu limebadilika mara kadhaa katika miaka mia moja na ushei, na kila likibadilika kuna mtu amepoteza kitu mkononi.

Wajerumani waliingia Taveta Agosti 1914 na wakaishikilia hadi Machi 1916. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau na Mbuyuni, ili wapate njia ya kuwatoa. Februari 12, 1916 walijaribu kilima cha Salaita wakapigwa vibaya. Mwezi uliofuata wakarudi chini ya Smuts, wakaingia Taveta, wakapigania Latema na Reata usiku kucha wa tarehe 11 kuamkia 12. Ukisimama sokoni Taveta ukatazama upande wa magharibi, vilima hivyo viwili unaviona vizuri tu, na watu wanavipita kila siku kwenda Holili bila kuwaza mambo ya mwaka huo.

Miongoni mwa vikosi vilivyotoka Afrika Kusini kulikuwa na kikosi kizima cha waendesha pikipiki. Wazo halikuwa baya. Farasi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa ndorobo, na mbung'o hana shida na chuma. Lakini vumbi la nyika hii, miba, halafu matope ya masika ya 1916 vilifanya kazi ambayo mbung'o hakuweza. Mwishowe mizigo mingi ya vita hivyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi Waafrika, ambao hakuna aliyewapa vijiti vya kusogeza. Tukisimulia vita kupitia mashine tu, hao tunawaruka, na wao ndio waliokufa wengi zaidi.

Sasa tuingie ndani ya kabureta yenyewe, manake bila hapo mengine hayaeleweki. Ni bomba lenye kiuno chembamba. Hewa ikipita kwenye kiuno inakimbia zaidi na shinikizo lake linashuka, ndiyo inanyonya petroli kutoka bakuli la chini kupitia kitundu cha shaba. Kitundu hicho ndicho mafundi wanakiita jeti. Mitaliano Venturi aliandika kuhusu viuno vya namna hiyo mwaka 1797, na karibu miaka mia baadaye, 1893, Mjerumani Maybach akaifanya petroli irushwe kama marashi ndani ya injini. Kimsingi hatujaenda mbali tangu hapo.

Petroli kilo moja inahitaji hewa karibu kilo 14.7 ili iungue yote. Mafuta yakizidi, moshi unakuwa mweusi na plagi inavaa masizi. Hewa ikizidi, plagi inakuwa nyeupe kama chaki, injini inachemka, na ukiendelea na ubishi pistoni inatoboka. Plagi ya rangi ya kahawia ya biskuti ndiyo fundi anaitaka. Nilisoma uhandisi mihula minne kabla karo haijakatika, na kabureta ilipita kwa mhadhara mmoja. Habari ya plagi nilikuja kuipata Bomeni, kwenye kivuli cha mwarobaini, kwa fundi aliyekuwa akimwambia kijana wa boda, "Kijana, usinieleze inaumwa nini. Fungua plagi niisome."

Shida ya kabureta ni kwamba inapima ujazo, na injini inataka uzito. Voi iko karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, Taveta kama 750, Wundanyi zaidi ya 1,400, na Vuria mlimani inapita 2,200. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua uzito karibu sehemu moja kwa kumi. Jeti haijui kama umepanda. Inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile kwenye hewa iliyokonda. Ndiyo maana pikipiki iliyopigwa tuni Bomeni ikauzwa kwa mtu wa Wundanyi inamfikia mwenyewe ikiwa mvivu, inakunywa mafuta, inatoa moshi, na yule wa Wundanyi anaapa kwamba ameuziwa mkweche. Pikipiki haina kosa. Imebadilishiwa hewa tu.

Mwendeshaji wa 1916 angesogeza kijiti. Huyu wa sasa hana cha kusogeza, na hapo kuna historia.

Mwaka 1927 kampuni tatu za Uingereza za kabureta, Amac, Binks na Brown & Barlow, ziliungana zikawa Amal. Taratibu kijiti cha hewa kikaanza kutoweka kwenye usukani. Maamuzi ya mwendeshaji yakahamishiwa kwenye vipande vya shaba vyenye namba, vinavyochaguliwa kiwandani. Namba ya jeti ya Amal ni mililita za mafuta zinazopita kwa dakika moja, kipimo ambacho hata mtoto anaelewa. Wajapani wa Mikuni walianza na leseni ya Amal, na Yamaha ilipotoa DT-1 mwaka 1968, pikipiki ya barabara na porini kwa pamoja, ilikuwa na kabureta ya Mikuni. Pikipiki za ukoo huo, DT na AG100, pamoja na Honda XL, ndizo zilizobeba maafisa wa kilimo na mapadri katika sehemu nyingi za Afrika.

Kuna mchezo mmoja Ulaya ambao ukiuelewa unawaelewa vijana wa Taita. Wanauita trialzi. Mtu anapanda mawe na mito kwa pikipiki, polepole kabisa, na kila akigusa chini kwa mguu anahesabiwa makosa. Mashindano ya siku sita ya Scotland yana zaidi ya miaka mia moja, na mwaka 1965 Sammy Miller aliyashinda kwa Bultaco, pikipiki ndogo ya Hispania iliyoyaaibisha madude mazito ya Waingereza. Katika trialzi karibu hakuna anayejali jeti kubwa, kwa sababu hiyo inatawala eksileta ikifunguliwa zaidi ya robo tatu. Hapo katikati inatawala sindano. Kuanzia sailensa hadi kama robo hivi, mambo yote ni ya jeti ndogo na skrubu yake. Sasa mtazame kijana anayepanda kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi na mama mwenye gunia la kabeji nyuma. Anaenda gia ya kwanza, eksileta nusu nusu, mguu tayari kugusa chini. Hiyo ni trialzi, ila yeye akigusa chini hapotezi alama, anapoteza kabeji.

Fundi mzuri kwa hiyo anaanza na skrubu ndogo. Anaacha injini ipate moto, anaifunga skrubu polepole hadi mwisho bila kuikaza, anairudisha zamu moja na nusu hivi, halafu anasikiliza. Anasogeza robo zamu huku, robo kule, hadi sailensa ipande na itulie, kisha anaishusha kwa skrubu nyingine ya mwendo. Kuna mtego hapa unaowaangusha wengi: skrubu ikiwa upande wa filta inaongoza hewa, kwa hiyo kuifunga kunaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini inaongoza mafuta, na kuifunga kunayapunguza. Ukichanganya hizo mbili unatibu homa kwa blanketi.

Haya yote yangekuwa ya watu wachache kama si bajeti ya 2008, ambayo iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc. Boxer na TVS za Kihindi zikamwagika Kenya nzima. Pale stendi ya Taveta, kazi ambayo zamani ilifanywa na baiskeli ikawa ya injini. Na kila injini ilikuja na jeti iliyochaguliwa na mtu wa mbali, ambaye hakuijua barabara ya Mwatate.

Vijana walijibu kwa njia yao. Petroli ilipofika shilingi 217 kwa lita Nairobi, Oktoba 2023, miezi michache baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, nilimwona fundi akipenyeza unywele wa waya wa umeme ndani ya jeti kubwa ili kitundu kiwe kidogo. Inafanya kazi. Mafuta yanapungua kweli. Ila kwenye lami ya kutoka Mwatate hadi Taveta, ambako mtu anafungua eksileta yote kwa saa nzima kwenye jua la Maktau, hewa inazidi na pistoni inaiva. Kijana ambaye pikipiki si yake, anayepeleka hesabu kwa mwenye nayo kila jioni, anapiga hesabu ya leo: mafuta ni yake, injini ni ya bosi. Simlaumu. Lakini injini ikifa hakuna kazi kesho, na bosi hana haraka ya kununua pistoni.

Halafu kuna mafuta ya taa. Kwa muda mrefu yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, basi wafanyabiashara wakawa wanachanganya, hadi serikali ilipoyawekea ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Walioumia na ushuru huo ni akina mama wa majiko na koroboi. Fundi kwa upande wake alikuwa ameishi miaka na wateja ambao plagi zao zilikuwa nyeusi bila kosa la jeti yoyote. Unaweza kupiga tuni mpaka jogoo awike. Mafuta mabovu hayasikii bisibisi.

India yenyewe imeanza kuiaga kabureta. Tangu Aprili 2020 sheria yao ya moshi imezisukuma pikipiki nyingi mpya kwenye mfumo wa kompyuta, ambao unapima hewa na kurusha petroli kwa kadiri yake. Mfumo huo unajua umepanda Wundanyi. Unafanya ilichofanya kidole gumba cha 1916, na vizuri zaidi, lakini ukileta shida fundi wa mwarobainini anahitaji mashine ya kusoma ambayo bei yake ni ya miezi kadhaa ya kazi yake. Za umeme nazo zinakuja, zisizovuta hewa kabisa. Hizo mlima hauzikondeshei chochote ila betri.

Kwa sasa Boxer nyingi za Bomeni bado zina kabureta. Yule fundi ana kopo la maziwa ya unga lililojaa jeti za zamani, amezipanga kwa namba kwenye vipande vya waya kama shanga, na mtu akija na pikipiki kumtengenezea, swali lake la kwanza ni moja tu: "Utakuwa unaiendesha huku chini, ama unaipeleka milimani?"