Ufungashaji wa RNA ya mwenyeji katika virusi vya mimea

Ni hali ambapo protini ya ganda la kirusi hufunika RNA ya seli ya mmea badala ya RNA ya kirusi chenyewe. Mfano wa kale ni kirusi cha batobato la tumbaku. Kirusi hiki ni kijiti cha nanomita 300 kwa 18. Protini 2,130 za aina moja zimepangana mzunguko juu ya mzunguko, mithili ya kamba iliyosokotwa, na kila moja imeshika nyukleotidi 3 za RNA. Urefu wa kijiti hufuata urefu wa uzi wa RNA ulio ndani: uzi ukiisha, nacho kimeishia hapo.

Kwa kawaida ujenzi huanzia sehemu maalumu ya RNA ya kirusi, na ndivyo protini inavyoiteua RNA hiyo, lakini uteuzi huo huteleza. Mwaka 1984 Rochon na Siegel walionyesha kuwa RNA za jeni za kloroplasti nazo hufungashwa. La kushangaza kweli, kwani kloroplasti imezungukwa na utando maradufu unaotenga RNA hizo na protini ya kirusi. Chembe za namna hii, virioni bandia, haziambukizi, maana hazina jeni za kirusi. Kirusi cha nekrosisi ya tango, chenye umbo la tufe, hubeba pia RNA ya mwenyeji.