Jina Musa katika Nchi ya Chai

Mwanahistoria atafutaye dini za watu katika orodha za majina hana budi kuwa na tahadhari. Mjini Mombasa, jina Musa bin Salimu aghalabu ni la Mwislamu. Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, Musa Kipkoech aghalabu ni Mkristo. Jina ni lile lile. Kilichotofautiana ni njia lililoipitia.

Umbo Musa ni la Kiarabu, na mwenye jina hilo hutajwa zaidi ya mara 130 katika Kurani. Hata hivyo, asili yake si Kiarabu. Kwa Kiebrania ni Moshe, na kitabu cha Kutoka (2:10) hulifungamanisha na tendo la kuopoa majini. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la lugha ya Misri ya kale lenye maana ya kuzaliwa, lionekanalo katika jina la mfalme Thutmose.

Pwani ya Afrika Mashariki jina lilifika pamoja na Uislamu. Wafasiri wa Biblia walilikuta limekwisha kuwa la Kiswahili. Katika tafsiri ya muungano ya 1952 twasoma Musa, Ibrahimu, Sulemani na Ayubu; lakini hatusomi Isa wala Yahya, bali Yesu na Yohana. Ni dhahiri kwamba majina hayakuchukuliwa kwa mkumbo.

Huko bara, Kiswahili kilienea kwa misheni, kwa shule, na kwa mashamba ya chai yaliyofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, yaliyokusanya watu wa makabila mengi. Mkipsigis aliyebatizwa aliweza kuitwa Musa kwa njia ya Kiswahili, au Moses kwa njia ya Kiingereza.

Jina hilo halikufuta la kienyeji. Kipkoech hueleza kwamba mtoto alizaliwa alfajiri. Arap maana yake ni “mwana wa”, wala halina nasaba na neno Mwarabu. Musa halimwelezi Mkipsigis habari yoyote ya uzazi, ingawa huenda huko Misri lilianza kama jina la uzazi vile vile.

Basi mzizi wa jina ni jambo moja, na njia yake ni jingine. Ahesabuye Waislamu wa Kericho kwa kufuata majina ya Kiarabu atawahesabu Wakristo wengi.